Tanuri Lililojitengenezea Gesi

Mkaa ukishashika vizuri na moshi wa mwanzo ukaisha, tazama jiko kabla hujateleka sufuria ya ndizi. Juu ya makaa mekundu utaona vindimi vya buluu vikicheza, vyepesi kiasi kwamba jua likipenya jikoni havionekani tena. Vindimi hivyo ni vya gesi, na gesi hiyo imetengenezwa na jiko lenyewe.

Kinachotokea ni hiki. Chini, hewa inapoingia kwenye matundu, oksijeni hukutana na mkaa uliokolea moto, vikaungana na kuwa kabonidayoksaidi. Lakini gesi hiyo haina njia ya kutokea ila kupenya katikati ya makaa mengine yaliyo juu yake, nayo bado yanaitaka oksijeni. Molekuli ya kabonidayoksaidi ikigusa kaa lenye moto mkali hunyang'anywa atomu moja ya oksijeni, na badala ya molekuli moja hupatikana mbili za kabonimonoksaidi. Zikifika juu hukuta hewa mpya na kuwaka buluu. Zisipowaka husambaa chumbani bila rangi wala harufu, na ndizo zinazowaua watu waliolala na jiko la mkaa huku mlango na madirisha yamefungwa.

Gesi inayopatikana kwa njia hii wahandisi huiita gesi ya produsa. Ukipitisha hewa kavu kwenye tabaka nene la mkaa wa moto, kwa hesabu ya karatasi utapata karibu thuluthi moja ya kabonimonoksaidi na thuluthi mbili za naitrojeni, ambayo haina kazi ila kusindikiza. Ni gesi nyonge. Mita moja ya ujazo wake hutoa takriban moja ya nane ya joto la gesi asilia inayotoka Songosongo. Hata hivyo, katika karne ya 19 gesi hiyo nyonge ilibadili viwanda vya Ulaya. Mwaka 1839 Mjerumani Bischof alijenga mtambo wa kuitengeneza. Mwaka 1856 ndugu wawili, Friedrich na William Siemens, walianza kuliendeleza tanuri lililookoa joto la moshi kwa kulitumia kupasha hewa inayoingia, na kufikia 1861 tanuri hilo lilikuwa linawashwa kwa gesi ya produsa. Michael Faraday, mwanasayansi mashuhuri wa Uingereza, aliyatumia matanuri hayo kuwa mada ya mhadhara wake wa mwisho wa Ijumaa pale Royal Institution, London, tarehe 20 Juni 1862. Kioo, chokaa, soda na feleji vyote vikaanza kupikwa kwa gesi iliyotengenezwa upande mmoja wa kiwanda na kuunguzwa upande wa pili.

Kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Viktoria, katika nchi ambayo leo ni Bukoba na Muleba, kulikuwa na watu waliokuwa wakiifanyisha kazi gesi hiyohiyo kiasi cha miaka 1,500 hadi 2,000 kabla yetu. Hawakuitenga na tanuri. Waliitengeneza na kuitumia ndani ya kuta zilezile za udongo, kwa wakati uleule, kwa macho na masikio tu. Mimi nikiwaza ufundi mkubwa uliowahi kufanyika katika mkoa huu, huanzia hapo.

Ukitoka Bukoba mjini kwa barabara ya Muleba utapita Kemondo, penye bandari na ghuba. Pande zote kuna vijiji vya migomba na mibuni, na kati ya kijiji na kijiji kuna rweya, nchi ya nyasi na udongo mwembamba. Wanaakiolojia walipochimba Kemondo walikuta mashimo ya matanuri ya kale ya kuyeyushia chuma, mabonge ya mavi ya chuma, yaani uchafu unaobaki chuma kikiyeyushwa, na vipande vya mabomba ya udongo yaliyokuwa yakipitisha hewa. Kaskazini zaidi, Katuruka katika eneo la Maruku, palikutwa alama za kazi ya chuma za kale kuliko hizo. Mkaa uliopimwa umri huko ulirudi hadi katikati ya milenia ya kwanza kabla ya Kristo, ingawa wataalamu wanakumbushana kwamba mti mzee hutoa mkaa mzee, hata ukichomwa juzi.

Waliolipeleka jambo hili mbele ya dunia ni mwanaakiolojia Peter Schmidt na mhandisi wa metali Donald Avery, wote wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, kwa makala yao ya 1978 katika jarida la Science. Walisema kwamba mafundi wa ufuo huu walikuwa wakipata feleji ya kaboni ya wastani katika matanuri yaliyopashwa hewa kabla ya kuungua. Lakini nusu ya makala hiyo haikutoka ardhini. Ilitoka kwa wazee wa Kihaya walioombwa, katika miaka hiyo ya 1970, wajenge tanuri na kuyeyusha chuma kama walivyoona ujanani mwao au walivyosimuliwa na baba zao. Kazi hiyo ilikuwa imekufa kwa miaka mingi. Majembe ya dukani yalikuwa yameishinda.

Tuifuate kazi yenyewe hatua kwa hatua, maana uzuri wake umo katika mpangilio.

Inaanzia kwenye mawe. Chuma cha nchi hii kimo ndani ya miamba na udongo mwekundu, kikiwa kimefungamana na oksijeni. Kukipata ni kuivunja ndoa hiyo. Mawe hayatiwi tanurini mabichi. Kwanza huchomwa shimoni juu ya magogo ya kuni. Unyevu hutoka, jiwe hupasuka nyufa, na masizi ya kuni huingia katika nyufa hizo. Kwa mtu asiyejua, hatua hii inaonekana kama kupoteza kuni. Fundi anajua kwamba gesi haiwezi kulila jiwe zima kutoka nje kwenda ndani kwa muda wa kazi moja. Jiwe lenye vinyweleo lina milango mingi, na gesi huingilia kila mlango. Mawe yakipoa hupondwapondwa yawe madogo, lakini yasiwe unga, kwa sababu unga huziba nafasi kati ya makaa na kuikatia gesi njia yake.

Mkaa nao huchaguliwa kwa kanuni hiyo. Huhitajika mkaa wa mti mgumu, unaobeba uzito wa mawe bila kusagika. Mkaa laini hugeuka vumbi chini ya mzigo, na tanuri lililojaa vumbi halipumui.

Kisha kuna shimo. Wazee walichimba shimo la mviringo na kulijaza nyasi za kinamasini, wakazichoma ziungue nusu, zibaki nyeusi na shina lake bado limesimama. Hapa ndipo ninapopenda kukaa muda mrefu zaidi, kwa sababu mtu anayejenga tanuri kutoka kitabuni asingewaza jambo hili. Nyasi hizo zina kazi kadhaa kwa pamoja. Zinabeba mzigo wa mkaa na mawe usiporomokee chini mapema. Zinaacha nafasi za mavi ya chuma kuchuruzika na kukusanyika chini, mbali na chuma. Na zenyewe ni kaboni iliyo wazi, iliyosambaa kama nyuzi nyembamba, kwa hiyo kila tone la mavi linaloshuka likiwa bado na chuma ndani yake hukutana tena na kitu cha kulinyang'anya oksijeni. Mavi yakiganda huchukua umbo la zile nyasi. Bonge la kale likiokotwa shambani leo huweza kuonekana lina mifereji myembamba iliyonyooka, alama ya jani la kinamasini lililoungua zamani sana. Jani limetoweka, na jiwe limehifadhi unene wake.

Juu ya shimo hujengwa ukuta wa mfano wa pia iliyogeuzwa, kimo chake hakimfikii mtu mzima kichwani. Vifaa vya ujenzi ni mabonge ya mavi ya chuma ya kazi zilizopita, yaliyounganishwa kwa udongo wa kichuguu. Mchwa amekwisha kuuchambua udongo huo chembe kwa chembe na kuushikamanisha, nao huvumilia moto kuliko udongo wa kawaida wa bondeni. Mavi ya chuma nayo yamekwisha kupita motoni. Kwa hiyo tanuri jipya hujengwa kwa masalia ya tanuri la zamani na kwa kazi ya mdudu, na hakuna kinachoagizwa kutoka mbali.

Kuzunguka kitako cha ukuta huo huachwa matundu ya kupitishia mabomba ya hewa. Katika tanuri la wazee mabomba yalikuwa manane. Bomba ni la udongo uliofinyangwa, na kila moja lina mvukuto wake uliofunikwa ngozi ya mbuzi. Mvukutaji huinua na kushusha ngozi kwa vijiti, mkono wa kulia na wa kushoto kwa zamu, ili pumzi isikatike.

Kuhusu pumzi hiyo inafaa kuweka tarakimu mbili tatu. Kwa kemia tupu, kilo moja ya chuma safi kutoka katika oksidi nyekundu huhitaji kama robo tatu ya kilo ya kabonimonoksaidi. Gesi hiyo huhitaji mkaa kama thuluthi ya kilo na hewa ya kati ya mita moja na nusu na mbili za ujazo. Hayo ni mahesabu ya daraja la chini kabisa, kana kwamba kila molekuli ya gesi ingekutana na jiwe na kulimaliza. Katika tanuri la kweli sehemu kubwa ya gesi hupita bila kukamata kitu, na mkaa mwingi huungua kwa ajili ya joto tu. Mahitaji halisi ni mara nyingi ya hayo. Tena uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa zaidi ya moja ya kumi kuliko ya Tanga au Bagamoyo. Mvukutaji wa Kemondo alikuwa anavuta hewa yenye oksijeni pungufu, na kulipia tofauti hiyo kwa mkono wake.

Gesi hiyo moja ina majukumu matatu ndani ya tanuri, na ndiyo maana kuitunza ni kazi ngumu. Kutengenezwa kwake mbele ya mdomo wa bomba huleta joto. Ikipanda juu hunyang'anya jiwe oksijeni, chuma kikabaki. Na chuma kikishabaki, gesi hiyohiyo huweza kukiachia kaboni kidogo kidogo, na kaboni hiyo ndiyo inayokigeuza kuwa feleji.

Majukumu hayo hayakubaliani daima. Hewa ikiwa nyingi mno na mkaa mchache, joto linapanda, lakini kabonidayoksaidi inapita bila kupata mkaa wa kutosha wa kuibadili. Chuma kilichokwisha kupatikana hurudia oksijeni yake, huungana na mchanga na kuyeyukia kwenye mavi. Hewa ikiwa haba, gesi ni nzuri lakini tanuri ni baridi, mavi hayachuruziki, na kila kitu hugandamana kuwa donge lisilofaa. Na mkaa ukizidi sana, joto likazidi pia, chuma hunywa kaboni kupita kiasi. Chuma kikifikia kama asilimia nne za kaboni huyeyuka kwenye nyuzi 1,150 hivi na kumiminika kama uji. Kikiganda hakifuliki, ukikigonga kwa nyundo kinavunjika. Kiwanda cha kisasa hukitafuta chuma hicho kwa makusudi na kukisafisha baadaye. Kwa mhunzi mwenye nyundo na fuawe tu, ni hasara.

Njia ya katikati ni nyembamba. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538, na tanuri la namna hii halikusudiwi kukiyeyusha chote. Mavi yanayotokana na chuma na mchanga huyeyuka karibu nyuzi 1,200. Kwa hiyo fundi anatafuta hali ambayo mavi ni maji na chuma ni kigumu: mavi yashuke kwenye nyasi, na chuma kibaki juu kikishikana chembe kwa chembe hadi kiwe bonge moja lenye vinyweleo. Anakubali kupoteza chuma fulani katika mavi, maana mavi yasiyo na chuma kabisa hayayeyuki kwa joto hilo. Anatoa sehemu ili apate sehemu. Kujua ni kiasi gani cha kutoa, bila kipimajoto wala kipimagesi, ndiko kunakomtenganisha fundi na mtu aliyewahi kuona ikifanywa.

Kipimo chake ni moto wa juu. Pale mdomoni pa tanuri, gesi iliyobaki huwaka inapokutana na hewa ya nje. Urefu wa ndimi, rangi yake, na kama zinatulia au zinarukaruka, vyote vinamweleza kinachoendelea ndani. Ndimi zikififia, huenda bomba limeziba. Zikitoka upande mmoja tu, mzigo umeporomoka na gesi imepata njia ya mkato. Sauti nayo inasema: mvukuto unaopuliza kwenye bomba lililo wazi hautoi sauti ileile na unaopuliza kwenye bomba lililozibwa na mavi. Wavukutaji huambiwa waongeze, wapunguze au wapumzike, na mkaa na mawe huongezwa kwa zamu kadiri mzigo unavyoshuka. Kazi huchukua saa nyingi mfululizo, na hairuhusu mtu kwenda kupumzika na kurudi kesho kuendelea. Tanuri likipoa katikati limekufa.

Sasa turudi kwenye mabomba, kwa sababu hapo ndipo palipozuka ubishi. Katika matanuri mengi ya dunia, bomba la hewa huishia ukutani au hupenya kidogo tu. Schmidt na Avery walionyesha kwamba mabomba ya Buhaya, nchi hii ya Wahaya, yaliingizwa ndani sana, hadi kwenye kiini cha moto. Ushahidi walioutegemea unaonekana kwa macho. Kipande cha bomba kutoka ndani ya tanuri kimeungua kwa nje kwa urefu mkubwa, si kwenye ncha pekee. Udongo wake umegeuka kijivu na mweusi mahali palipozungukwa na gesi isiyo na oksijeni, na mavi yaliyoyeyuka yametiririka juu yake na kuganda kama kioo cheusi. Bomba lililokaa hivyo limezungukwa na makaa pande zote, na hewa inayopita ndani yake inapashwa moto kabla ya kutoka. Hewa yenye joto haiuibii moto joto la kujipasha, kwa hiyo mbele ya mdomo wa bomba moto hupanda zaidi. Wao waliripoti joto la zaidi ya nyuzi 1,800 mahali hapo.

Wengine hawakukubali. J. E. Rehder, mtaalamu wa metali, aliandika mwaka 1986 akihoji kama hewa inayopita kwa kasi katika bomba fupi inaweza kupata joto la maana. Ubishi huu ni halali, na wala haumshushi hadhi fundi wa Kemondo. Huko Scotland, James Neilson alipata hataza ya kupuliza hewa moto katika tanuri la chuma mwaka 1828, na wenye viwanda wa wakati wake walikuwa wameamini miaka yote kwamba hewa baridi ndiyo bora. Ndugu Siemens walijenga wazo lao juu ya jambo hilohilo. Kama mabomba marefu ya Buhaya yalipasha hewa sana au kidogo, jambo moja halina utata: kulipeleka bomba hadi katikati ya makaa kunaipeleka oksijeni mahali ambapo kuna mkaa wa moto kila upande, mbali na ukuta unaopoteza joto. Gesi huzaliwa katikati na kusambaa nje. Bomba lenyewe hulika polepole likipungua kutoka ndani, na mtu aliyelifinyanga alijua litaisha.

Si lazima kila jamii ifuate njia hiyo. Ufipani, kusini-magharibi mwa nchi yetu, mafundi walijenga malungu, matanuri marefu kuliko mtu, yasiyo na mivukuto hata kidogo. Urefu wa tanuri ndio uliovuta hewa, na matundu mengi kwenye kitako yaliiingiza. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameyafanyia kazi kwa miaka mingi. Mafundi wa Ufipa walikuwa na subira ya siku, na bonge lao lilihitaji kusafishwa tena katika tanuri dogo. Wa Buhaya walichagua tanuri fupi na mikono mingi. Gesi ni ileile katika pande zote mbili. Kilichotofautiana ni namna ya kuiamrisha.

Kulikuwa na upande mwingine wa kazi ambao mhandisi wa leo huenda akaupita haraka. Mafundi walijitenga na wake zao kipindi cha kuyeyusha. Chini kabisa ya shimo la tanuri kulichimbwa kishimo kidogo cha kuwekea dawa, na tanuri lilizungumziwa kama mwili unaobeba mimba. Vishimo vya namna hiyo vimekutwa pia katika matanuri ya kale ya Kemondo. Mtu anaweza kuamini au asiamini dawa, lakini atambue wanachofanya watu hao: wanaweka nidhamu juu ya kazi ambayo kosa lake halionekani mpaka mwisho, na ambayo mtu aliyechoka au aliyegombana nyumbani anaweza kuiharibu kwa kupunguza pumzi kidogo saa ya tano. Miiko iliweka mipaka ya nani anakaa karibu na moto na akiwa katika hali gani.

Uzito wa chuma katika nchi hii unaonekana hata katika hadithi za wafalme. Husimuliwa kwamba Mukama Rugomora Mahe, wa karne ya 17, aliwakusanya wahunzi wajenge mnara wa chuma wa kufika mbinguni, aone huko kukoje. Mnara ukaanguka. Wazee waliomsimulia Schmidt walimwonyesha Katuruka, kwenye mti mkubwa wa Kaiija, kuwa mahali pa kazi hiyo. Alipochimba, alikuta kazi ya chuma ya kale kuliko Rugomora Mahe kwa zaidi ya miaka 2,000. Watu walikuwa wameushika ukweli wa mahali hata pale tarehe zilipowaponyoka. Karagwe, jirani wa magharibi, nyundo na fuawe za chuma zilikuwa miongoni mwa alama za ufalme. Baadaye mti wa Kaiija ulitoweka, na wanakijiji wa Katuruka wenyewe wakaanza kukusanya masimulizi na kuifufua heshima ya eneo hilo.

Ninalolithamini zaidi katika kazi ya wazee wale wa miaka ya 1970 si kwamba walikumbuka. Kumbukumbu pekee isingetosha. Walikuwa wamekaa muda mrefu bila kuyeyusha, na walikuwa wamebaki na vipande vya ujuzi: huyu anajua mawe, yule mkaa, mwingine mivukuto. Mambo yalipoenda kombo walikaa wakashauriana, wakabadilisha, wakajaribu tena. Hapo walionyesha kwamba ujuzi wao haukuwa orodha ya hatua za kukariri. Walijua kila kitu kiko pale kwa sababu gani, na kwa hiyo waliweza kutengeneza kilichoharibika. Mtu aliyekariri angekwama kwenye hitilafu ya kwanza.

Gesi ya mkaa na kuni haijaachwa. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mafuta yalipoadimika, magari mengi sana ya Ulaya yaliendeshwa kwa mitungi ya kuchomea kuni iliyofungwa nyuma yao. Jirani zetu Uganda, shamba la chai la Muzizi lilifunga mtambo wa kugeuza kuni za mkaratusi kuwa gesi ya kuendeshea jenereta. Wanaoendesha mitambo ya namna hiyo hulalamikia mambo ambayo fundi wa Kemondo angeyatambua mara moja: kuni mbichi, vumbi linaloziba njia, tabaka la mkaa lililoporomoka upande mmoja, na lami inayoganda pale gesi inapopoa. Hilo la mwisho yeye alilikwepa, kwanza kwa kutumia mkaa uliokwisha kuchomwa badala ya kuni, na pili kwa kutoipitisha gesi kwenye bomba lolote. Aliitumia pale pale ilipozaliwa, ikiwa bado na moto wake.

Vitabu vya kemia vya sekondari zetu vinaitaja gesi ya produsa katika somo la nishati, na sura nyingine inaeleza jinsi chuma kinavyopatikana, pamoja na mchoro wa tanuri refu la Ulaya lenye herufi pembeni. Mwanafunzi wa Kamachumu au wa Maruku hukariri mchoro huo na kuusahau baada ya mtihani, ilhali mavi ya chuma yamezagaa katika nchi anayoikanyaga kila siku. Ningependa siku moja akutane na swali hili katika karatasi yake: "Mafundi wa kale wa Kemondo walipeleka mabomba ya hewa hadi katikati ya makaa na kujaza shimo la tanuri nyasi zilizoungua nusu. Kwa kutumia milinganyo ya kemia, eleza faida ya kila jambo, kisha taja hoja moja inayopinga maelezo yako." Alama zigawanywe sawa kati ya milinganyo na hoja pinzani. Atakayeweza kujibu sehemu zote mbili ameanza kuijua kazi jinsi wazee wale walivyoijua: kwa sababu zake, pamoja na mahali ambapo sababu hizo bado zinabishaniwa.